Dada Kabula, Uliyemwambia Usoni

Dada Kabula,

Sijui barua kwa marehemu hutumwa wapi. Naiandika sebuleni kwetu Ngokolo, kwenye meza uliyokuwa ukiwafundishia watu wazima Kiingereza kila Jumamosi asubuhi. Mama sasa anakula vizuri. Nguo zako tumezigawa, isipokuwa ile kanga ya kijani. Hiyo amekataa kabisa.

Jana nilikuwa namuwaza Baba Shija. Unakumbuka alivyokuja mara ya kwanza? Mnunuzi wa dhahabu huko Geita, anataka Kiingereza cha kuongea na wazungu wake. Alipiga honi uani mpaka kuku wakatawanyika, akampita mama mlangoni kama anapita nguzo. Mimi nikamvutia kiti. Ni tajiri, nilijiambia, ndivyo walivyo.

Wewe ukafungua somo kwa misemo ya Kiingereza ya watu wanaojiona. Ukamweleza kwamba pale sisi tunaposema mtu kavimba kichwa, Waingereza humwambia ashuke kwenye farasi wake mrefu. Mwingine husemwa amekuwa mkubwa kuliko buti zake. Na yupo yule jogoo anayedhani jua linachomoza ili limsikilize akiwika. Baba Shija alicheka hadi akapiga meza.

"Mwalimu, huyo jogoo namjua, yuko Kahama!"

Hukucheka. Ulimtazama, ukasema taratibu, "Baba Shija, misemo hii nimeichagua kwa ajili yako. Umempita mama yangu bila salamu."

Sauti yako haikupanda hata kidogo! Akasimama, akatoka, gari likaondoka kwa kishindo. Nikakwambia, "Umetuharibia." Ukajibu, "Nimemfundisha," ukaenda kuosha vyombo.

Jumamosi iliyofuata hatukusikia honi. Gari aliliacha barabarani, akaja kwa miguu, akainama mbele ya mama, akamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Mama akaitikia kama vile hakuna kilichowahi kutokea, nawe ukaendelea na somo.

Ulipofariki hatukumpa taarifa, alisikia mwenyewe. Tulipofika makaburini tulimkuta ndani ya shimo, amevua shati, anachimba pamoja na wenzake wa msibani. Ardhi ilikuwa ngumu kama zege. Walipotaka kumpokea sululu alikataa. "Niacheni. Kuchimba ndiko nilikoanzia. Huyu ni mwalimu wangu."

Hata kulia niliacha, dada. Nilisimama tu nikishangaa maneno yako machache yalivyofika mbali ndani ya mtu.

Mimi sijawahi kuwa na moyo kama wako. Kule Isaka ninakofanya kazi, mkuu wetu wa ghala huwatukana wapakiaji kila asubuhi, nami huinamisha macho. Jumatatu nitaingia ofisini kwake, nifunge mlango ili asiaibike mbele ya watu, nimwambie. Naogopa hata hapa nilipokaa. Lakini nitamwambia.

Lala salama, dada yangu.

Mdogo wako,
Minza