Sentimita Kumi

Ijara, 3 Februari 2024

Kwako abaayo, dada na mwalimu wangu Katunge,

Nakujulia hali kwanza. Mgongo wa mama yako umepoa? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mvua hakuna na mbuzi wanapungua.

Ulipoondoka na magari ya polisi baada ya lile shambulio, hatukuagana. Sasa fizikia naifundisha mimi, kwa daftari lako, kwa wenzangu kumi wa kidato cha nne. Ulitufundisha kwamba jiwe la kilo mbili likifungwa kwenye springi na kuachiliwa, springi itavutika sentimita kumi, pale uzito na nguvu ya springi vinapolingana. Nimeazima springi ya mizani kwa mjomba Abdille wa buchani. Jiwe lilishuka mpaka kumi na tisa, likapanda, likacheza weee, ndipo likatulia kwenye kumi. Ruweyda, mmoja wao, akacheka: "Kati yako na mwalimu, nani amefika chuo kikuu?"

Abaayo, nimekosea wapi?

Mdogo wako,
Istahil

Ijara, 20 Julai 2024

Abaayo,

Salamu tena. U mzima? Dereva wa miraa ameapa kwamba barua yangu aliifikisha posta Garissa. Watu wanasema unatuogopa. Nimewajibu kuwa si kweli.

Mtihani ni Novemba. Andika neno moja tu: ni kumi, au siyo kumi.

Mdogo wako,
Istahil

Mutomo, 2 Desemba 2024

Mpendwa Istahil,

Hujambo, mdogo wangu? Nyumbani hawajambo? Mama bado analalamika mgongo, mimi afya ninayo.

Barua zako zote mbili zilifika. Kila nilipoona muhuri wa Garissa nilisikia tena risasi nyuma ya nyumba za walimu. Nikaziweka sandukuni bila kuzifungua. Leo nimezifungua.

Hukukosea. Nilikosea mimi. Kumi ni mahali pa kutulia, lakini jiwe likifika hapo mara ya kwanza bado lina mwendo, linapita. Tulipaswa kufuata nishati. Jiwe likishuka umbali wa x hupoteza mgx, uzito mara umbali, na springi yenye ugumu k huhifadhi nusu ya kx². Chini kabisa jiwe limesimama kwa nukta moja, halina mwendo, kwa hiyo hizo mbili ni sawa. Kwa springi ya newtoni 200 kwa mita: 20x = 100x². x ni mita 0.2, yaani sentimita ishirini. Ile moja uliyopungukiwa imeliwa na hewa na msuguano.

Niambie kwamba swali hilo halikutoka.

Dada yako,
Katunge

Ijara, 4 Januari 2025

Abaayo,

Pole kwa mgongo wa mama, na kwa risasi hizo. Sisi tu wazima.

Lilitoka, na namba zilezile. Uliponyamaza niliwaambia wenzangu kwamba rula yangu ni mbovu, waandike kumi. Ndani ya chumba cha mtihani mkono ulitaka kuandika kumi na tisa, kama nilivyopima. Nikawatazama wameinama, wote wanaandika nilichowafundisha, nikaona aibu kuwaacha peke yao. Nikaandika kumi.

Matokeo bado. Barua yako nimepita nayo nyumba kwa nyumba. Safari hii Ruweyda hakucheka. Alisema, "Kumbe uliona kwa macho yako, ukatukanushia?"

Tisa nimewaambia. Amebaki Sharifo, ambaye ameolewa mbali, huko Griftu, na mpaka leo anajua ni kumi. Huyo mwandikie wewe.

Mdogo wako,
Istahil