Gemu limechaguliwa, wenzangu hawajibu

Mpendwa Bi Mwanawema, naomba msaada wako kabla sijafuta kazi ya miaka miwili, maana kidole kimeshafika juu ya kitufe mara mbili na mara zote mbili nimekiondoa.

Mimi ni kijana wa Jadida, Wete, nina miaka ishirini na tisa, nachapa barua na kutoa fotokopi katika kibanda changu karibu na soko, na tangu mwaka juzi natengeneza gemu la kompyuta pamoja na wenzangu watatu, wote kwa kujitolea, hakuna anayelipwa. Si gemu la bunduki wala magari, ni la hadithi, unamwongoza kijana aliyerudi kijijini kwao baada ya miaka mingi, unabisha hodi nyumba kwa nyumba, unazungumza na watu na kuchagua la kuwajibu, na majibu yako ndiyo yanayoamua mwisho. Mimi naandika programu, Jabir ambaye ni mwalimu wa msingi anachora, Msellem fundi simu anatia muziki na sauti za mvua na kuku, na Saada wa Vitongoji ndiye mwenye hadithi yenyewe.

Kila Ijumaa baada ya sala walikuwa wakija kibandani, na kwa kuwa mama yake Saada, marehemu Bi Mwatum, hakukubali bintiye aje peke yake kukaa na wanaume watatu, alikuwa akija naye, anakaa kiti cha wateja anasuka ukili wa mkeka, na hakosi kutuletea mkate wa kumimina. Siku moja tukamwomba atusomee maneno ya bibi wa nyumba ya mwisho ya gemu, tumrekodi, akayasoma vizuri kuliko sote, ila akaongeza la kwake. Tulimwandikia "Karibu mwanangu, ingia," yeye akaendelea, "Mbona u peke yako? Wenzio wako wapi?" Tulicheka siku ile, lakini mimi lilinikera kidogo kwa sababu swali lile halikuwemo na halina jibu la kuchagua, ila tukaliacha lilivyo.

Sasa Bi Mwanawema, watu wote wameingia mitini. Mwezi wa Rajabu Bi Mwatum alifariki ghafla, Mungu amrehemu, na ikasadifu siku ile ile ndiyo ya mwisho kutuma gemu la majaribio kwenye maonyesho ya Dar es Salaam, mama yangu akaniuliza, "Weye hwendi kuzika?" nikamwambia n'takwenda hitmani, kwenye kisomo chake, maana nisingetuma mimi nani angetuma, na kazi ile ilikuwa ya sote, hata ya marehemu, basi nikaandika pole kwenye kundi letu la simu, na magharibi nikaandika tena, "Alhamdulillahi nimetuma, sasa tumalizie sura ya tatu." Siku ya hitma wale wa maonyesho wakanipigia kwamba gemu halifunguki, nikashinda kutwa nikilitengeneza. Tangu hapo Jabir kila nikimuuliza ana mitihani ya kusahihisha, Msellem dukani kwake ananisalimia kama mteja, na Saada haandiki kitu.

Wiki tatu zilizopita nikapata habari kwamba tumechaguliwa, kutoka Pemba ni sisi peke yetu. Niliandika kwenye kundi, "Tumechaguliwa." Nikaona wote wamesoma. Hakuna aliyejibu, hata wa kuweka kidole gumba. Nilizunguka kibandani na habari njema kama mtu aliyeshika sahani ya moto, sina pa kuiweka.

Ijumaa iliyopita nikajikuta nimepika birika zima la chai ya mchaichai kwa mazoea, nikanywa kikombe kimoja, nyingine ikapoa. Nikafungua gemu nikaenda moja kwa moja nyumba ya mwisho nisikie mtu akinikaribisha. Hivyo ndivyo ninavyofanya siku hizi, na naona haya kukwambia.

Nifanye nini? Nitafute watu wapya mtandaoni, niiondoe na sauti ya marehemu niweke ya mtu mwengine ili nisilazimike kumwomba Saada ruhusa? Au nifute yote? Sijamkosea mtu, nilikuwa nafanya kazi yao.

Zubeir, Jadida

JIBU

Zubeir mwanangu, mimi gemu silijui, na simu yangu naijulia kupokea na kukata. Lakini barua naijua kuisoma, na yako nimeisoma mara mbili. Ina maneno mengi ya gemu, na maiti umempitisha katikati ya sentensi kama gari lililopita njiani.

Unasema wenzako wamekukimbia. Hawakukukimbia. Walikwenda Vitongoji kuzika, wakageuka kukutazama, hawakukuona. Mwanamke yule kafunga safari kila Ijumaa kutoka Vitongoji mpaka Wete, kakulisha mkate kwa mikono yake, kakupa na sauti yake bure. Alipokufa ukamwandikia bintiye pole kwa kidole, na kabla ya isha ukamwambia amalizie sura ya tatu. Ujumbe wa simu haubebi jeneza, Zubeir. Mama yako alikuuliza, na swali la mama lilikuwa ndilo jibu.

Najua ulibanwa. Najua pia kwamba siku ya pili uliona haya, ya tatu haya zikazidi, na mwezi wa pili ukaanza kujihisi wewe ndiye uliyeonewa. Tumezoea kufanya hivyo sote, na mimi nimo. Upweke unaouandika ni wa kweli na nimeusikia mpaka hapa nilipokaa, ile chai imeniumiza. Lakini sitakupangusa machozi kabla hujakwenda kuwapangusa waliofiwa.

Usifute kitu. Kazi ya watu wanne na marehemu mmoja si yako kuifuta. Watu wapya pia usitafute, maana na wao wana wazazi, na watazika.

Kesho funga kibanda. Nenda Vitongoji, usipige simu kwanza, ukipiga utapata udhuru wa kutokwenda. Chukua kilo mbili za sukari, usichukue kompyuta. Usimwendee Saada, mwendee baba yake, kaa naye barazani, soma Fatiha, kisha sema, "Nimekosa, sikuja kuzika." Unyamaze hapo. Usimtajie siku ya mwisho ya kutuma, wala Dar es Salaam, wala gemu kutokufunguka. Mwombe akupeleke kaburini. Umechelewa, lakini kaburi halihami.

Ukiondoka, mwachie mzee sauti yote ya Bi Mwatum kwenye kifaa cha kuhifadhia, amkabidhi binti yake. Wewe una sauti ya mama wa watu umeifungia kibandani unaisikiliza peke yako, na mtoto mwenyewe hanayo. Akitaka ibaki kwenye gemu, atasema. Akitaka itoke, itoke, na maonyesho yakupite. Ukirudi Wete, pita kwa Jabir na Msellem, uwaambie ulikotoka.

Huenda wasirudi. Nenda hivyo hivyo, kwa sababu hwendi kutafuta wafanyakazi.

Na lile neno aliloongeza Bi Mwatum, lililokukera kwa kuwa halina jibu la kuchagua: alikuona mapema kuliko sisi. Umetengeneza kijana anayebisha hodi kijiji kizima, na wewe mlango mmoja umekushinda. Kila Ijumaa unakwenda nyumba ya mwisho, bibi anakuuliza wenzio wako wapi, nawe unazima kompyuta. Wako Vitongoji, mwanangu. Kapige hodi.

Bi Mwanawema