Geti la Upande Huu

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mjukuu wangu. Mimi sijambo, ila magoti. Siku hizi yamekuwa watabiri wa hali ya hewa, mvua haijafika yameshaitangaza.

Habari kubwa ni daraja. Bado ni lile lile jembamba: magari ya huku yakipita, ya ng'ambo yanangoja, na madereva wananitukana kwa zamu. Lori likipita, kibanda changu cha ushuru hapa getini kinatetemeka mpaka chai inamwagika. Sasa jipya limekamilika kule mto unakoelekea. Hili letu litafungwa mwisho wa Septemba, nami nitastaafu siku hiyo hiyo. Njooni. Miaka sita kumwona mwanangu kwenye picha tu ni mingi.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mtoto yuko darasa la pili, meno ya mbele hana na maneno hayamwishi.

Hongera kwa kustaafu, lakini kuja siwezi. Siwezi kulitazama hilo daraja. Juzi mtoto aliniuliza baba yake alikufaje. Nikamwambia aliendesha kasi darajani kwenye mvua, kama ripoti ilivyosema. Akauliza, "Kwani hakutukumbuka?" Mpaka leo namkasirikia, baba. Mtu yuko kaburini, na bado namkasirikia.

Binti yako

21 Aprili

Mwanangu,

Salamu nazifupisha, maana nikizirefusha nitaghairi.

Mumeo hakuendesha kasi. Siku ile simu ya upepo ilizimika, sikuweza kuongea na mwenzangu wa geti la ng'ambo. Mvua ilikuwa imefunga macho, upande wa pili hauonekani. Madereva walipiga honi saa nzima. Nikajisemea, ng'ambo watakuwa wamesimamisha magari. Nikafungua geti, lori la saruji likaingia. Mumeo alikuwa ameshafika katikati. Alikwepa, na kingo zile zilikuwa kutu tupu, hazikulizuia gari lisitumbukie mtoni.

Mkaguzi wa ajali aliponiuliza, nilisema, "Nilimwona anakuja mbio." Sikuona kitu. Niliogopa kazi, niliogopa jela, kisha nikakuogopa wewe. Nilikushika mkono pale makaburini huku nikijua.

Baba

30 Agosti

Baba,

Nimeandika barua nne, zote nimechana.

Mama mkwe wangu hajaenda kwenye sherehe ya mtu tangu msiba. Anasema watu wanamnyooshea kidole, eti alizaa mtoto asiyejali roho za wenzake. Jirani alimwambia hivyo mbele yangu siku za matanga, nami sikumtetea, kwa sababu niliamini.

Sitaki machozi yako. Nenda kwake ukamwambie. Kwa mdomo wako, si kwa barua. Kisha uwaambie na wale waliokuandika shahidi.

Mimi

28 Septemba

Mwanangu,

Nilikwenda. Mama mkwe wako alinitolea kigoda, akaniuliza hali ya magoti. Nikamwambia yote. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hakukosea?" Nikasema hakukosea. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Nilikaa pale mpaka jua likazama. Hakutoka.

Ofisini kwa mkaguzi nimeandika maelezo na kutia sahihi. Wamesema nitaitwa. Jana walifunga daraja; mimi sikutakiwa kuwepo. Sikulaumu mtu. Kama utakuja, nipo. Kama hutakuja, pia nipo.

Baba yako, ukiniruhusu

17 Novemba

Baba, shikamoo.

Nimeiandika shikamoo, nikaifuta, nikaiandika tena. Iache hapo.

Mama mkwe alinipigia simu. Alilia tu, nami nikalia. Mwisho akasema Jumamosi anakwenda harusini kwa mpwa wake, nimshauri avae nguo ipi.

Siji mwaka huu. Mwaka gani nitakuja, sijui, usinisubiri stendi. Ukiitwa huko ofisini, nenda, na uniambie watakachoamua.

Mtoto nimemwambia. Alichezea kifungo cha shati. Kisha akauliza, "Kwa hiyo baba alikuwa anakuja polepole?"

Nikamwambia ndiyo. Alikuwa anakuja nyumbani, polepole, taa kawasha, na ilikuwa zamu yake kupita.

Mama wa mjukuu wako