Batani za Marehemu

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu amekufa. Saa nne asubuhi, wodini. Nilikuwa nimetoka kumnunulia maji.

Jumatatu, 10 Machi
Watu wameondoka. Laptopu yake iko pale pale mezani alipokuwa akichapa barua za watu. Siku mbili kabla hajafa aliniambia: "Nyundo, nimekurekodia maneno. Yamo kwenye mashine. Nikitoka hapa nitakuonyesha."
Hakutoka.

Jumatano, 12 Machi
Binti yangu kaja, kajaribu, kashika kichwa. Ile programu yake ya mafaili haina picha, haina pa kubofya. Maandishi tu, safu tatu. "Baba, mama kabadilisha kila kitu! Batani zote kazipanga mwenyewe."
Kweli. Nilikuwa namwangalia — vidole vinakimbia, faili linatoka huku linatua kule, hadi intaneti anafungulia humo humo. Namtania: we mama, unafukuzwa na nani? Anasema hizi programu za watu wote zinamchosha, kama kuvaa kiatu cha kuazima. Alikuwa anafurahi!
Miaka sita kaitumia mbele yangu. Sikuuliza hata batani moja.
Binti kaondoka jioni, ana kazi zake.

Ijumaa, 14 Machi
Nimejaribu peke yangu. Mishale ya juu na chini inafanya kazi. Nimeshuka, nimeshuka — folda imeandikwa NYUNDO. Nikabonyeza. Kidole changu hiki kilichokomazwa na saruji kinafunika batani mbili kwa mpigo.
Folda haipo.
Haikuniuliza kitu. Mashine zote huuliza: una uhakika? Hii kimya.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeipeleka laptopu kwa fundi kompyuta, kaanza kwa kusifia. Eti mzee, mama alikuwa mtaalamu, programu hii unaipinda utakavyo. Halafu sauti ikashuka. "Lakini kaipinda kufuata vidole vyake. Lile swali la kufuta kalizima. Na kitu kikifutwa hakipiti hata kwenye pipa la taka."
Nikasema kwa nini azime, mtu mwenye akili?
"Alikuwa hakosei, mzee."
Nimeambiwa nisiiwashe. Kila nikiwasha, inaweza kuandika vitu vingine juu ya kile kilichofutwa. Ana mwenzake, labda atakivuta. Labda. Hakunitazama usoni.

Jumapili, 16 Machi
Binti kapiga simu. "Baba, umeyapata maneno ya mama? Usisikilize peke yako, nisubiri."
Nikasema nakusubiri, mwanangu.
Nakusubiri! Mdomo wangu huu.
Anakuja Jumamosi. Yule mwenzake na fundi hapokei simu. Nimeifunika laptopu kwa khanga isiingie vumbi. Nimekaa nayo. Nimejaribu kukisia alisema nini humo — sijui. Alikuwa hasemi mengi, na mimi ndiyo kabisa.
Nyapara wa mjengoni naye kapiga. Pole sana, Nyundo, ila zege linamwagwa saa moja asubuhi, watu hawatoshi.
Kesho narudi kazini.