Lita Tatu na Nusu kwa Siku

8 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimefika salama. Siumwi kitu ila miguu, maana chumba cha kufulia hakina hata kigoda. Wasiwasi wangu ni ninyi wawili, hasa kifua cha Mama. Simu wewe huisikii na Mama pumzi hazimtoshi, basi tutaandikiana kama watu wa zamani.

Tunafua mashuka ya hoteli tatu. Mimi niko kwenye mashine za kukaushia. Tunalala sita chumba kimoja, na mmoja anakoroma kama trekta.

Sasa tangi langu la samaki. Najua siku ya kuondoka ulinisikiliza nusu, kwa hiyo narudia. Maji hupungua kila siku kwa kuwa yanageuka mvuke, lakini chumvi haiendi popote. Inabaki humo humo, na maji yaliyobaki yanazidi ukali. Ukijaza, jaza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi hata chembe, mpaka kwenye utepe mweusi niliobandika kwenye kioo. Usiseme huyu ni samaki wa baharini ukamwongezea chumvi. Utamuua huku unadhani unamtunza.

Kipima chumvi kiko kwenye droo. Dondosha tone moja, funika, elekeza kwenye mwanga, uchungulie. Namba iwe 35. Ikifika 37 kuna tatizo. Tangi ni la lita mia moja na ishirini, na kwa kawaida linapoteza lita moja na robo kwa siku. Niandikie unajaza kiasi gani.

Mwambie Mama amsalimie Mpangaji wake. Siku hizi hata mimi nimesahau kwamba yule samaki aliwahi kuwa na jina jingine.

Binti yako.


21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tumefurahi kusikia umefika. Sisi tupo, tunasukuma siku.

Miaka thelathini na moja nimesoma mita za maji za watu. Nimefukuzwa na mbwa, nimeahidiwa kuku ili niandike namba ndogo, na sikuandika. Hutanifundisha kusoma kipimo. Mama yako ananilazimisha niongeze kwamba siku ya kwanza nilikishika kichwa chini miguu juu. Ni kweli.

Usomaji. Tarehe 12 mpaka 16: lita moja na robo kila siku, kipimo 35. Tarehe 17 tulihamishia kitanda cha mama yako sebuleni, chumbani hewa ni nzito. Dirisha liko wazi na feni inampulizia kutwa kucha. Upepo wa feni hiyo unapita juu ya tangi. Tangu hapo najaza lita tatu na nusu kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Kipimo 35.

Mama yako anasema hajawahi kuona mpangaji anayetumia maji kuliko mwenye nyumba.

Baba yako.


5 Mei

Baba, shikamoo.

Sijambo, kazi inaendelea, miguu imezoea. Ninyi hamjambo?

Nauliza hivyo kwa sababu Mama amelala chumba kile miaka ishirini na sita bila kulalamikia hewa yake. Mtu hahamishiwi kitanda sebuleni hivi hivi.

Baba, nijibu kama unavyosoma mita. Mama amezidiwa?

Msimamizi ametangaza nafasi moja ya ruhusa, wiki tatu, kuanzia tarehe 31 mwezi huu. Tunaoitaka ni wawili: mimi na mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye mtoto wake anapasuliwa jicho. Msimamizi amesema tukubaliane wenyewe. Nikiondoka bila ruhusa, mkataba umekufa na sirudi tena. Lakini ukisema njoo, nitakuja, ruhusa au bila ruhusa. Neno moja tu linatosha.

Binti yako.


18 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Anakula. Mwachie mwenzako hiyo nafasi, ana mtoto.

Mama yako anasema, nami naandika alivyotamka: "Chiriku, ukinijia hapa na ule uso wako wa msibani nitakufukuza kwa fimbo ya pazia. Vaa soksi."

Usomaji. Lita tatu na nusu kila siku, kipimo 35. Nimesafisha kioo kwa kitambaa laini kama ulivyosema. Mpangaji alikuja kunitolea macho.

Baba yako.


1 Juni

Baba, shikamoo.

Natumaini mko salama. Mimi leo ni mzima wa mwili na roho.

Barua yako imenitua mzigo. Mwenzangu nimemwachia ile nafasi. Ameondoka jana na begi moja, analia na kucheka kwa wakati mmoja, ananiita dada wakati ananizidi miaka minane. Nilipanda kitandani nikalala kama gogo. Hata trekta sikulisikia.

Mwambie Mama soksi nimevaa, jozi mbili. Na fimbo ya pazia iliyopo sebuleni imepinda tangu mwaka juzi, atafute nyingine.

Binti yako.


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku shwari.

Usomaji. Tarehe 1 mpaka 9: lita tatu na nusu, kipimo 35. Tarehe 10, 11 na 12: sikusoma. Tarehe 13: kipimo 38. Nilirudisha maji kidogo kidogo kwa siku mbili ili samaki asishtuke. Tarehe 15 mpaka 19: lita moja na robo kila siku, kipimo 35.

Mama yako anasema: "Chiriku, wakikupa chai ya baridi, wagombeze. Usinitie aibu ya upole."

Baba yako.


4 Julai

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara nne nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, ya tano nikaisoma na kalamu mkononi.

Ulisoma mita siku uliyovunjika mkono. Ulisoma asubuhi ya mazishi ya Babu, ukaja makaburini na daftari mfukoni, Mama akakununia wiki nzima. Leo unaniambia siku tatu hukusoma, na hunipi sababu.

Kipimo kutoka 35 mpaka 38 kwenye tangi lile ni lita kumi zimekwenda. Siku tatu, lita kumi. Kwa hiyo siku hizo feni ilikuwa inazunguka na hapakuwa na mtu wa kujaza. Baadaye ni lita moja na robo. Maana yake feni imezimwa na dirisha limefungwa. Mama hawezi kulala bila feni.

Kama kitanda kimerudi chumbani, niambie. Kama yuko hospitali, niambie hospitali gani. Shangazi nimempigia simu. Amesema, "Muulize baba yako, mimi nimeapishwa," akakata.

Nimekuuliza mara ya pili, Baba.

Binti yako.


17 Julai

Mwanangu,

Mama yako alifariki Jumatano, tarehe 10 Juni. Tulimzika kesho yake. Feni niliizima Jumamosi asubuhi.

Barua yako ya tarehe 5 Mei ilipofika, daktari alikuwa ameshatuambia wiki sita, pengine pungufu. Nilichukua kalamu nikuandikie uje. Mama yako akaweka mkono juu ya karatasi. Alisema, "Akija atanitazama ninavyokufa, halafu atabaki na nini? Mama hana, kazi hana." Nikamwambia mtoto hatatusamehe. Akasema, "Hatakusamehe wewe. Mimi sitakuwepo." Alicheka aliposema hivyo. Tuligombana siku mbili. Sijawahi kumshinda mama yako kwa jambo lolote, na hata hilo sikumshinda.

Alinifanya niapishe watu wote, kuanzia shangazi yako. Kisha akanitamkia salamu, moja kwa kila barua, mpaka mkataba wako uishe. Ni kumi na moja. Nimetumia mbili.

Maneno ya uongo niliyaweza. Tarehe 20 Juni nilikaa mezani nikitaka kuandika lita tatu na nusu, ili usishtuke. Nikaandika nilichokuwa nimejaza. Sijui kama ni mazoea au nilitaka ujue.

Baba yako.


1 Agosti

Baba,

Uliniandikia lita. Kila barua lita, mpaka robo ya lita, na mama yangu ukanificha.

Nafasi ilikuwa mkononi mwangu. Ningekuwa njiani tarehe 31 Mei. Ningekaa naye siku tisa, nimsogezee mto, nimsikie akinitukana kwa mdomo wake mwenyewe.

Mwenzangu alirudi na picha za mtoto. Jicho limepona. Alinikumbatia mbele ya watu wote, nikamwambia Mungu ni mwema. Mama alikuwa ameshalala udongoni siku kumi na moja, na mimi namfurahia mtoto wa mwenzangu.

Usinitumie salamu nyingine ya Mama. Usiniandikie kitu.


7 Septemba

Mwanangu,

Umesema nisiandike. Naandika namba peke yake.

Agosti yote: lita moja na robo kila siku, kipimo 35. Mpangaji anakula.

Baba yako.


9 Oktoba

Baba, shikamoo.

Hujambo? Mgongo wako vipi na hizo ndoo? Mimi nipo.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, wala lini, usiniulize. Na Mama pia sijamsamehe, na yeye hata sina pa kumwandikia.

Lakini kuna jambo. Nasimama mbele ya mashine, mashuka yanazunguka, na najikuta namtungia Mama kifo. Jana alikufa akiniita. Juzi alikufa peke yake sebuleni, wewe umekwenda kuchota maji. Kila siku natunga kingine, na kila kimoja ni kibaya kuliko cha jana yake. Wenzangu wameshazoea kuniona nimeshika shuka moja dakika kumi.

Sitaki salamu. Nataka zile siku tatu ulizoacha. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Usinipambie wala usinihurumie. Nisomee kama mita.

Binti yako.


24 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, si sana. Nimeanza kutumia ndoo ndogo.

Jumatano, tarehe 10. Saa moja na nusu asubuhi alikunywa uji, vijiko vitatu. Shangazi yako alimbadilisha shuka, akaenda uani kulifua. Saa nne kasorobo mama yako aliomba nimgeuze atazame tangi. Nikamgeuza. Alikuwa mwepesi. Akauliza, "Mpangaji amekula?" Nikasema bado. Akasema, "Ndiyo wewe, Bwana Mita. Kupima unajua, kulisha hujui." Nilicheka, naye akacheka, kikohozi kikamshika, kikamwachia. Nikasimama kumlisha samaki. Kijiko kidogo kimoja. Nilikuwa nimempa mama yako mgongo, na masikio yangu unayajua. Nilipogeuka alikuwa hapumui tena. Macho yalikuwa wazi, yanatazama kwenye kioo.

Hakukuita. Alikuwa ameshakutaja saa moja na nusu, aliposema uji una sukari kidogo kama ule unaopika wewe. Baada ya hapo hakutaja jina la mtu.

Saa sikuitazama. Mwandishi wa cheti aliniuliza, nikamwambia saa nne. Ni ya kukisia.

Hakuwa peke yake, lakini mimi nilikuwa nimegeuka. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Alhamisi, tarehe 11. Tulimzika saa tisa alasiri. Jua kali, upepo hakuna. Alivaa gauni la bluu ulilomshonea, lilimpwaya mabegani, shangazi yako akalibana kwa pini mbili. Watu wapatao arobaini, sikuhesabu. Jirani wa ghorofa ya juu aliuliza uko wapi. Nikasema kazini. Akasema mbele ya watu, "Hata kwa mama yake mzazi? Watoto wa siku hizi wana mioyo ya mawe." Ulitukanwa kwa kosa langu na nikanyamaza. Hilo nalo ulijue. Wiki iliyopita nilipanda ngazi nikamweleza ukweli. Akanipa kiti.

Ijumaa, tarehe 12. Watu waliondoka asubuhi. Shangazi yako alilala. Saa tatu asubuhi nilikaa mezani kukuandikia ukweli, kiapo au si kiapo. Nilikaa mpaka sikuiona karatasi. Nilichoandika siku hiyo nimekifunga humu. Sikuongeza kitu wala sikufuta.

Baba yako.


Ijumaa, 12 Juni

Mwanangu,