Darubini Nyuma ya Kibla

Didia, Shinyanga
9 Julai

Kaka Abdulshakur,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto ni wazima, na kwamba vumbi la Geita halijakurudishia kile kikohozi. Huku mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi. Mimi afya ninayo, ila nimejaa hasira, na kwa kuwa simu zangu hupokei tangu kikao cha ukoo, nimeamua kuandika. Jumapili ijayo ni hitma ya baba, na baba mdogo Maulidi ameshatangaza kwamba atakusimamisha mbele ya watu wote uombe radhi kwa kulipindisha kaburi la baba. Kwa hiyo hasira zangu utazisoma zote kabla ya siku hiyo.

Naanza na darubini. Yule mjiolojia alipoondoka mgodini akakuachia, ukanipa mimi kwa kuwa nafundisha jiografia, na nilishukuru sana. Lakini nani alikuambia ujifanye fundi? Nilikupigia kukueleza kwamba kitabu chake cha maelekezo kinataka kitako kinachoibeba kielekezwe kwenye nyota ya kaskazini, nyota ambayo sisi huku hatuioni kabisa. Ulicheka, ukasema jambo dogo hilo, nikielekeze kusini, na kusini ni nyuma ya kibla, kwani kibla ndiyo kaskazini. Nikakuamini. Nikatandika mswala uani kama tunavyouweka siku zote, nikapanga kitako kwa kuufuata, kikatazama nyuma yake.

Miezi miwili, kaka, nimepiga picha za michirizi. Kazi ya kitako ni kuzunguka polepole kuifuata nyota inavyotembea, na kisipoelekea sawasawa, nyota haitoki nukta, inatoka mstari. Nimekaa uani na kanga mbili mabegani, baridi ya Juni inaniingia mpaka kwenye mifupa, asubuhi naingia darasani macho mekundu. Wewe ukamwambia mama kwamba mwalimu mzima kashindwa na vyuma vitatu. Mama naye akawasimulia majirani, na Mama Nelly wa dukani bado ananiuliza kama leo nimeshika nyota ngapi. Nilitamani kukurudishia mzigo wako kwa basi la kwanza.

Aliyeniokoa ni Violeth, mwalimu mwenzangu wa fizikia. Alisema tuache kubahatisha, tuiulize nyota yenyewe. Unachagua moja iliyo juu ya utosi, unaiweka katikati ya msalaba wa lenzi, unaitazama dakika tano. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, unasogeza kitako kidogo na kuanza upya. Tulifanya hivyo siku tatu, na kila mara kitako kilitaka kwenda upande wa mashariki. Siku ya tatu nyota ikatulia. Nikapima kutoka kwenye mstari wa mswala, nikapata digrii kumi na nne.

Nilidhani mswala ndio uliokaa vibaya. Nikaenda msikitini kutazama mihrabu, nikakuta iko sawa na mswala wetu. Nikarudi nikakokotoa kwa ramani, kazi ambayo ningeweza kuifanya miaka yote hii. Makka kwetu haiko kaskazini moja kwa moja, imeegemea mashariki. Hapa ni digrii kumi na nne, na huko Geita, alikozikwa baba, zinapita kumi na sita. Nikakaa chini palepale uani.

Unajua kwa nini nilikaa. Siku ya mazishi vijana walichimba kwa kufuata safu ya makaburi mengine, wewe ukawasimamisha. Jeneza likiwa kando, ulinipigia kuuliza kibla ni wapi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nalia, nikakujibu kwa ukali kwamba ni kaskazini moja kwa moja, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Ukaamuru shimo ligeuzwe. Sikusahau simu ile, kaka. Kwenye kikao cha mwezi uliopita baba mdogo alinigeukia, akasema mimi mwalimu niwaambie ukweli. Shaka nilikuwa nayo tayari kwa ile michirizi, lakini nikajibu kwamba makaburini sikuwepo. Wewe ulinitazama tu, ukainamisha kichwa.

Hapo ndipo hasira zinaponikaba. Ulikuwa na ulimi, kwa nini hukunitaja? Mwaka mzima unaitwa mjuaji aliyemlaza baba kombo, na unanyamaza ili mimi nibaki mwalimu. Sikukuomba unisitiri, na kila nikikumbuka ulivyoinama natamani kukupigia kelele. Sheikh nimemuuliza, amesema kuegemea kule hakudhuru na maiti hafukuliwi. Baba amepumzika. Aliyedhurika ni wewe.

Nifikishie salamu kwa wifi, umbusu Anisa na mdogo wake. Mama anakuombea dua, na hajui nilichoandika humu. Nitafika Geita Jumamosi jioni. Jumapili baba mdogo akikuita, wewe baki umekaa.

Ni mimi mdogo wako,
Safiya Zamoyoni