Unga kwenye Kiwanja cha Karakana

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mkutano wa kamati ya michango. Walichelewa wote isipokuwa mimi, mwenyekiti. Shule ya uhandisi inajaa kila mwaka, karakana ni ile ile — kijana anapata diploma hajawahi kuwasha mashine ya kuchonga chuma! Wanafunzi wangu wa zamani, wakubwa wa migodi leo, wanaahidi tu. Anayeweza kutujengea karakana mpya ni Chishimba, mfanyabiashara wa shaba wa mtaa wa Ruashi. Nilimpelekea kadi nzuri ya mwaliko. Kimya.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemfuata kwenye depo yake. Ameniagizia Fanta, kisha akawaambia vibarua kwamba Muluba huyu alishuka kwenye treni akasahau kurudi kwao. Wakacheka. Mimi sikucheka. Sisi Waluba ni wa kuja huku, lakini baba yangu alitandika reli hizo.

Kisha mzaha ukaisha. Kiwanja tulichopewa na serikali kilikuwa shamba la mama yake.

“Papa Alphonse, mulinitumia miye carte. Mama, hamukumuuliza. Bantu banajenga mu shamba yake bila hata kubisha hodi?”

Mama akikubali, Chishimba atajenga karakana nzima. Akikataa, hatatoa hata tofali. Nikamwambia hati zetu ziko sawa. Akajibu kwamba hati hazikumzaa.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa nimemuuliza padri wetu, Abbé Paulin, atakayebariki jiwe la msingi Jumamosi, kama tunaweza kuomba ruhusa ya shamba kimila. Amesema akikuta unga wa kutambikia mizimu pale, atageuza gari. Na akiondoka yeye, mkuu wa shule naye ataondoka.

Jeanne, mke wangu, ameniuliza tulipojenga hapa mtaani Hewa Bora tulibisha hodi kwa nani. Swali gani hilo! Nimezunguka uani mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 10 Septemba

Kipushi, kwa Mama Mutale, mama yake Chishimba. Mwembamba, macho makali. Nilianza hotuba yangu nikiwa nimesimama. Mjukuu wake Bénie akanionyesha mkeka. Chini — na suti! Nikakaa. Wao hupiga makofi taratibu kabla ya kuomba. Nikapiga, vibaya. Bénie alificha uso.

Mama hakatai shule. Anataka kumwaga unga kwa ajili ya waliolima pale kabla yake, awaambie kwamba kelele za mashine zinakuja. Nikasema mwanawe ashike sahani. Akatikisa kichwa.

“Hapana, baba. Weye njo unaomba, weye njo utashika sahani.”

Yaani mimi ninayeomba ndiye nishike sahani! Nikasema mimi ni Mkatoliki. Yeye pia, akasema, na mama wa ubatizo wake alikuwa sista. Shida iko wapi? Tumepatana aje mapema, kabla ya Abbé. Abbé sikumwambia. Mimi, niliyewafukuza wanafunzi darasani kwa uongo mdogo kuliko huo!

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika garini, kando ya kiwanja. Mama hajafika. Barabara ya Kipushi imezibwa na malori ya madini. Abbé amefika — kabla ya saa! Anavaa stola yake ya ibada. Mkuu wa shule anaangalia saa yake.

Gari la Chishimba. Mama anashuka, kitenge kipya, sahani nyeupe mkononi. Hasalimii mtu. Anaenda moja kwa moja katikati ya kiwanja, anasubiri. Abbé ameona unga. Ameinua mkono kumwita dereva wake.

Bénie anagonga kioo. Bibi yake anasema nivue viatu kwanza, ndipo nishike sahani.

Abbé ananitazama. Kamba ya kiatu cha kushoto imekaza, naweka kalamu niifungue — cha kulia kimeshatoka —